Gari mpya sevisi ya kwanza unafanya lini? Wa shorumu na wa Japan tukutane hapa

foleni_ya_ubungo (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Naleta huu uzi maana hili swali linarudi kila wiki kwenye magrupu ya magari na majibu yake yanachosha, huyu anasema elfu moja, yule anasema elfu tano, mwingine anasema subiri taa iwake kwenye dashibodi (taa ipi sasa, IST ya 2004 ina taa ya kukumbusha sevisi?), na kila mmoja kaambiwa na fundi wake ambaye ndo fundi bora Dar nzima.

Kwanza tuelewane. Hapa mjini mtu akisema "nimevuta gari mpya" wengi tunaelewa katoa gari bandarini, imetoka Japan, ina miaka yake kumi na kitu na kilomita zake elfu sabini, upya wake ni namba tu. Halafu kuna wale wenye baraka zao wanaotoa gari sifuri kilomita shorumu pale Nyerere Road au wamekabidhiwa na ofisi. Hayo ni magari mawili tofauti kabisa na sevisi ya kwanza ya hili siyo ya lile. Ndo maana hatuelewani humo kwenye magrupu, mtu wa Hilux ya shorumu anamshauri mtu wa Vitz ya 2006 na wote wanajiona wako sahihi.

Naanza na wa shorumu maana ni wachache. Gari yako imekuja na kitabu, ratiba imo humo na waranti yako inakaa juu ya hicho kitabu. Magari mengi yana ukaguzi wa kwanza kwenye kilomita 1,000 au mwezi mmoja, na huo kwa kawaida ni wa kuangalia tu, wanapima upepo wa tairi, wanaangalia pameanza kuvuja wapi, wanakaza kilicholegea, wanagonga muhuri unaondoka. Watu wanadhani pale ndo oili inamwagwa, mara nyingi haimwagwi. Oili ya kwanza inakuja kwenye 5,000 au 10,000 kutegemea kampuni na injini, AU miezi sita, AU mwaka. Hiyo "au" ndo watu wanairuka. Maana yake kinachotangulia kufika. Gari ya kwenda kanisani na sokoni ikitimiza miezi sita ina kilomita 1,800, na kitabu kinasema miezi sita, sevisi imefika, hata kama roho inakuuma.

Kitu kingine, zile kilomita za mwanzo kabisa. Vitabu vingi vya Toyota vinasema kilomita 300 za kwanza usifunge breki za ghafla, 800 za kwanza usivute trela, na 1,000 za kwanza usikimbize sana, usikanyage mafuta kwa hasira na usiende spidi moja muda mrefu. Hilo la mwisho ndo wengi hatulijui. Mtu anatoa gari Ijumaa, Jumamosi huyo Dodoma kilomita 450, kaiweka themanini mwanzo mwisho anaona anaitunza. Ringi za pistoni zinataka mzigo unaopanda na kushuka ili zikae vizuri kwenye silinda, kwa hiyo ukisafiri badilisha badilisha mwendo.

Sasa wa Japan, ambao ndo sisi wengi. Sevisi yako ya kwanza haina kilomita. Ni siku hiyo hiyo unayokabidhiwa, au kesho yake. Siyo "ngoja nimalize 3,000 ndo nimwage". Elfu tatu za kuanzia wapi wakati hujui oili iliyomo iliwekwa lini na nani? Hiyo gari imekaa yadi huko, imekaa melini, imekaa bandarini, imekaa yadi ya muuzaji, na muda wote huo inawashwa dakika mbili inasogezwa inazimwa. Injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu, unyevu unabaki kwenye oili. Kwahiyo oili hata kama imetembea kilomita chache ina umri wake.

Na la mwisho ndo lililonifanya niandike. Hizi kilomita zenyewe kwa Dar zinatudanganya. Piga hesabu, mtu wa Mbeya road anayetembea wastani wa 80 kwa saa akimaliza kilomita 5,000 injini yake imenguruma saa 62 na nusu. Wewe wa Mbezi–Posta asubuhi na jioni, wastani wako ukiwa 15 kwa saa (na kuna siku hata hiyo 15 ni ndoto), kilomita 5,000 zile zile ni saa 333. Injini yako imefanya kazi mara tano na zaidi ya mwenzio, na odomita inasoma sawa. Na AC umewasha. Halafu unajisifu "mi bado sijafika 5,000".

Karibuni mjazie nyama, mafundi mliomo humu msikae kimya.

---

namba_E

Mkuu umetisha. Ila mi nina swali la wa shorumu, kuna jamaa yangu katoa pikapu mpya kabisa yeye anasema alivyofika 1,000 tu alimwaga oili ya kiwandani kwa sababu ina vyuma vyuma. Shorumu walimwambia haina haja akawaambia gari ni yangu. Nani yuko sahihi?

---

spana14

Mleta uzi heshima yako, hilo la saa za injini nimekuwa nawaambia wateja mpaka nimechoka.

@namba_E wote wako sahihi kwa namna yao. Injini mpya kweli inatoa chembe za chuma mwanzoni, vyuma vinazoeana. Ila ndo kazi ya filta ya oili hiyo, na injini za siku hizi zinachongwa kwa usahihi mkubwa, siyo zile za zamani ambazo kumwaga kwenye 1,000 ilikuwa lazima. Akimwaga mapema kwa oili sahihi haharibu kitu, kapoteza hela tu. Isipokuwa kuna kampuni hazipendi, Honda kwa mfano wamekuwa wakishauri miaka mingi oili ya kiwandani iachwe mpaka muda wake. Kwahiyo soma kitabu cha gari YAKO, usisome cha jirani.

Kosa la jamaa yako linaweza kuwa sehemu nyingine. Alimwagia wapi? Kama alimwagia gereji ya mtaani bila risiti, bila kuandika namba ya oili na filta aliyoweka, siku injini ikileta shida ndani ya waranti atapata maswali magumu. Shorumu hawabishani na wewe leo, wanakungoja siku hiyo.

Nije kwa wa Japan. Nikiletewa gari iliyotoka bandarini mimi sianzi na oili. Naanza kuangalia, maana ukishamwaga umepoteza ushahidi. Navuta dipstiki (kile kijiti cha kupimia oili), naangalia rangi na kiwango. Nafungua kifuniko cha kujazia oili, naangalia chini yake kama kuna utando wa maziwa. Nafungua rejeta ikiwa imepoa (IMEPOA, msije mkaungua mkanitaja mimi), naangalia rangi ya kulanti (yale maji maalumu ya kupozea injini) na kama kuna mafuta yanaelea. Napiga kompyuta kuona kumbukumbu za makosa. Baada ya hapo ndo spana.

Vinavyotoka siku hiyo bila mjadala ni oili ya injini na filta yake. Filta ya hewa naipiga tochi kwanza, ila ukiwa unakaa Goba au Kivule kwenye vumbi, weka mpya tu na uizoee kuifungua. Filta ya AC ile ya nyuma ya dashibodi, jamani, nishakuta majani makavu ya Japan humo. Plagi nazifungua nazisoma. Mafuta ya breki natoa ya zamani naweka mapya, maana yananyonya unyevu wa hewani na ya kawaida yanabadilishwa kila miaka miwili, na hakuna mtu anayejua ya kwako yana mingapi.

---

dada_kigamboni

Samahanini kaka zangu, mi ni mgeni wa haya mambo. Nimepokea IST wiki hii, ile ya zamani (siyo shepu mpya), injini imeandikwa 1NZ, dashibodi inasoma elfu sabini na tatu na kidogo. Aliyeniuzia kaniambia "dada hii gari imeshafanyiwa sevisi kila kitu, wewe tembea tu mpaka elfu themanini". Nimtii au nimwage? Na kama ni kumwaga niweke oili gani maana fundi wa hapa mtaani kaniambia niinunulie namba 40 nzito, ndo inafaa joto la Dar.

---

abiria_wa_mbele

Kila kitu 😂😂 yaani muuzaji wa gari akikwambia kila kitu ujue kaosha injini kwa dizeli inang'aa. Dada yangu mwage hiyo oili kesho asubuhi kabla hujanywa chai.

---

spana14

@dada_kigamboni hongera kwa chuma. Muulize muuzaji sevisi imefanywa na nani, lini, oili gani, akupe risiti. Akishindwa, hesabu haikufanywa. Hakuna ugomvi, ni hivyo tu.

Oili: 1NZ inakunywa lita 3.7 ukibadilisha na filta. Nunua galoni ya lita 4, na inabaki, usikubali fundi aimimine yote "isiharibike". Oili ikizidi nayo ni shida, inapigwa na krenki inatoa povu, na povu haliwezi kulainisha. Amimine kama lita tatu na nusu, awashe dakika moja, azime, asubiri ishuke, apime, ndo aongezee mpaka alama ya juu.

Hiyo namba 40 muachie mwenyewe. Injini yako imetengenezwa kwa 5W-30, njia zake za oili ni nyembamba na ule mfumo wa kubadili muda wa valvu, VVT-i, unaendeshwa kwa presha ya hiyo hiyo oili. Oili nzito inachelewa kupanda juu asubuhi unapowasha na inakula petroli. Mafundi wetu wamezoea kutoka enzi za injini nyingine na wanadhani joto la hapa ni la ajabu, wakati injini ikishapata moto wake termosta inaishika karibu na nyuzi 90 iwe Osaka iwe Mbagala. Kama injini imechoka na inakula oili hapo tunaweza kuongea kupanda kidogo, siyo gari ndo kwanza imeshuka melini.

Halafu 1NZ ina cheni, haina mkanda wa taiming (ule unaozungusha valvu ziende sawa na pistoni). Kwahiyo akija mtu kukuuzia mkanda wa taiming wa IST, mkimbie. Wenye Forester za zamani zenye injini ya EJ20, nyie mna mkanda na unabadilishwa kwenye 100,000, na mkiwa na elfu tisini na hamjui historia, mkanda ni sehemu ya sevisi yenu ya kwanza, nasema kweli. Ukikatika kwenye mwendo valvu zinakutana na pistoni na hapo hatuongei tena bei ya sevisi, tunaongea bei ya injini.

---

bolt_usiku

Uzi mzuri sana. Sisi wa abiria hizo habari za miezi sita hazituhusu. Piga kilomita 150 kwa siku mara siku 26, unapata 3,900 kwa mwezi, na katikati hapo umesimama Mlimani City unasubiri rikwesti AC inaunguruma. Mi namwaga kila mwezi, tarehe mbili, sihesabu kilomita wala nini, hesabu ya bosi ikishatoka oili inafuata. Vijana wanaoendesha gari za watu ndo wanaziua, gari siyo yake anasukuma mpaka oili iwe lami.

---

pikapu_ya_ofisi

Nawasoma tu. Mleta uzi umesema kitu sahihi ila umewapa watu hofu. Mimi gari yetu ya ofisi ni ya shorumu, ratiba ni kila 10,000 na tumeifuata kama ilivyo, inaenda Dodoma inarudi, inaenda Mtwara, haina shida yoyote. Wajapani wameandika hiyo ratiba siyo wajinga. Hii tabia ya kumwaga oili kila ukiona foleni ni kuwatajirisha wauza oili.

---

foleni_ya_ubungo (mleta uzi)

@pikapu_ya_ofisi wewe ndo mfano wangu mzuri, gari yako ni ya safari ndefu, hiyo kwa injini ni mapumziko. Endelea na 10,000 yako wala usinisikilize.

Ila kuhusu Wajapani, ratiba zao zina safu mbili na watu wanasoma moja. Toyota kwao Japan, gari ya petroli isiyo na turbo wanasema 15,000 au mwaka mmoja. Pembeni kuna safu ya mazingira magumu, hapo inakuwa 7,500 au miezi sita. Nusu kabisa. Na yenye turbo hata mazingira yakiwa mazuri ni 5,000 au miezi sita. Sasa soma wanachokiita magumu: barabara mbovu na vumbi, safari fupi fupi za chini ya kilomita 8, mwendo wa chini ya 30 kwa saa na kusimama injini inawaka. Hiyo ni Sinza kwenda Mwenge, mkuu! Wameielezea Dar bila kufika Dar. Kwahiyo mtu anayemwaga kila 5,000 hapa mjini hajaasi kitabu, kasoma safu inayomhusu, kapunguza na kidogo kwa sababu ya vumbi letu na oili zetu tunazozitilia mashaka.

---

mzee_wa_gerezani

Vijana shikamooni nazipokea kabisa kabla hamjatoa.

Mmezungumza vizuri habari ya muda, hamjazungumza habari ya oili yenyewe. Utamwaga siku ya kwanza, utamwaga kila mwezi, ukiweka oili ya kugushi umefanya kazi bure. Mimi nimekaa kwenye spea miaka mingi, kopo linaokotwa, linaoshwa, linajazwa oili iliyotumika ikachujwa, linafungwa. FCC (Tume ya Ushindani) wanakamata kila siku na bado zipo. Kwahiyo nunua duka la wakala anayejulikana, dai risiti ya EFD, angalia mfuniko ule mkanda wa chini haujakatwa, angalia namba ya toleo kwenye kopo. Bei ikiwa chini sana kuliko maduka yote ya mtaa, jiulize yeye ananunua wapi. Na kopo ukishamaliza, LITOBOE kabla hujatupa. Hilo hamlifanyi, halafu mnalalamika feki zinatoka wapi.

La pili, maji kwenye rejeta. Gari za Japan zinakuja na kulanti, Toyota nyingi ni ile ya pinki ambayo ikitoka kiwandani inaenda mpaka kilomita 160,000 ndo inabadilishwa mara ya kwanza, baada ya hapo kila 80,000. Gari inafika hapa, fundi anaona imepungua kidogo, anachukua jagi la maji ya kisima anaongezea. Maji ya visima vya Dar mengi yana chumvi, ukichemshia chai unaona birika linavyofanya. Ndani ya rejeta na pampu ni hivyo hivyo. Miaka miwili baadaye gari inachemsha, tunaanza kulaumu joto la Dar na watu wenye wivu.

---

namba_E

Marahaba mzee... aah samahani, shikamoo mzee 😂 Nimecheka hilo la wivu. Kwahiyo ikipungua kidogo tufanyeje?

---

mzee_wa_gerezani

Marahaba. Nunua kulanti ya aina ile ile iliyochanganywa tayari, kopo dogo, likae kwenye buti. Ukiwa na dharura barabarani weka maji ya kunywa ya chupa ufike, halafu ukamwage yote uweke kulanti. Na ikipungua tena baada ya wiki mbili hiyo siyo sevisi, hiyo inavuja, itafutwe.

---

hibridi_tu

Sisi wa Aqua na Prius mmetusahau. Hesabu ya saa za foleni kwetu haikai sawa maana injini inazima kwenye foleni, betri ndo inafanya kazi. Ila tusijisahau, injini ya hibridi inawaka na kuzima mara nyingi na safari fupi haipati moto, oili inapata unyevu na petroli. Mi naenda na 5,000 au miezi sita kama wengine. Kitu chetu cha siku ya kwanza ni fani ya betri kubwa, ule mdomo wake uko huko siti ya nyuma na unavuta hewa ya ndani ya gari. Ukikuta umejaa vumbi na manyoya ya mbwa wa Kijapani, betri inapikwa polepole. Fungua safisha, nusu saa, na usiweke mabegi mbele yake.

---

abiria_wa_mbele

Na gia boksi? Mbona kimya, mi nina Nissan naogopa hata kuuliza.

---

spana14

Usiogope, uliza kabla ya fundi hajashika. Kwenye gia boksi ndo sevisi za kwanza zinaua magari hapa mjini. Kuna gia za otomatiki za kawaida na kuna CVT (zinazotumia mkanda badala ya gia), mafuta yake hayafanani. Nissan zenye CVT zinatumia NS-2 au NS-3 kutegemea modeli, Toyota zina CVT TC au CVT FE, na otomatiki za kawaida zina T-IV, nyingine WS. Kwa mfano huyo dada wa Kigamboni, IST ya kwanza ni otomatiki ya gia nne inakula T-IV, lakini IST ya shepu ya pili ya 1.5 nyingi ni CVT. Jina moja, gia boksi mbili. Fundi anayesema "haidroliki ni haidroliki, zote nyekundu" mwambie umesahau kitu nyumbani uondoke na gari yako. Mkanda wa chuma ndani ya CVT unashikwa kwa msuguano unaotegemea hayo mafuta, ukiweka ya kawaida unateleza na kuanzia hapo ni vyuma tu ndani.

Kwa gari ya Japan ambayo historia huijui, mimi ya gia sikimbilii siku ya kwanza. Nayatazama kwanza. Yakiwa mekundu au rangi yake, hayanuki kuungua, gia zinaingia bila kushtuka, naacha mteja atembee nayo mwezi tuone tabia yake, halafu tunabadilisha kwa mpango, kumwaga na kujaza, siyo kusukuma na mashine. Yakiwa meusi yananuka kuungua, hapo tunakaa chini na mwenye gari tunaongea kabla sijagusa nati.

---

dada_kigamboni

Kaka spana14 Mungu akubariki. Nimeenda kwenye gari na tochi nimekuta stika upande wa mlango wa dereva, ya Kijapani, sielewi ila kuna namba R5.11 halafu chini kuna 75,900. Gari yangu inasoma 73,200. Inamaanisha wamerudisha kilomita nyuma?? Nimeanza kutetemeka hapa.

---

abiria_wa_mbele

Dada hiyo imeshachezewa. Pole. Iweje stika ya zamani iwe na kilomita nyingi kuliko gari ya leo.

---

namba_E

Daah. Mrudishie gari mchana kweupe. Na ile karatasi ya Japan ya kuuza gari nje inaandikwaga kilomita, mwambie akuonyeshe ile orijino siyo fotokopi.

---

foleni_ya_ubungo (mleta uzi)

Tulieni kwanza kabla hamjampeleka mtu polisi. Dada stika umeisoma yote au kipande? Hizi za oili kwa kawaida zina mistari miwili, kilomita za siku oili ilipobadilishwa na kilomita za kubadilisha tena. Piga picha stika nzima.

Na hiyo R5 ni mwaka. Wajapani wana miaka yao ya enzi, R ni Reiwa, unajumlisha 2018. R5 ni 2023, kwahiyo R5.11 ni Novemba 2023. Ukikuta H ni Heisei, unajumlisha 1988, H30 ni 2018. Hizi stika zinakaa mlangoni au chini ya boneti na ni historia ya bure, watu wanazibandua eti gari ionekane safi. Msibandue.

---

dada_kigamboni

Nimerudi na tochi. Juu imeandikwa R5.11 na 70,900, ilikuwa imefunikwa na uchafu nimefuta na kitambaa. Chini ndo 75,900 na pembeni yake R6.5.

---

spana14

Haya sasa. Walibadilisha Novemba 2023 ikiwa na 70,900, wakapanga ibadilishwe tena Mei 2024 au ikifika 75,900. Gari ina 73,200, imetembea 2,300 tangu hapo, inaingia akilini kabisa kwa gari iliyouzwa na kusafirishwa. Odomita yako naiamini. Ila karatasi ya kuuzia nje bado iombe ulinganishe, @namba_E kasema kweli hapo.

Umeona lakini hiyo stika inakwambia nini kuhusu "tembea tu mpaka elfu themanini"? Hata mwenye gari wa kwanza alikuwa anamwaga kila 5,000 au miezi sita, tena kwenye barabara za lami safi. Muda wa hiyo oili ulikwisha Mei 2024 ikiwa bado huko huko, au melini.

---

pikapu_ya_ofisi

Hapo nimekubali. Mjapani mwenyewe anakwenda na 5,000.

---

dada_kigamboni

Kwahiyo kesho: 5W-30 galoni ya lita 4, filta ya oili, filta ya hewa na ya AC, mafuta ya breki. Gia boksi anaangalia tu haongezi kitu. Kulanti anaangalia rangi. Kuna nimesahau?

---

spana14

Washa (kile kiringi) ya nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, weka mpya, ni bei ya maandazi. Ile ya zamani ikirudiwa inaanza kudondosha tone tone halafu fundi anaikaza kwa hasira mpaka nyuzi za sampu zinaliwa. Nati yenyewe ni spana 14, akija na spana ya kubana ile ya mabomba, mkatalie.

Na tairi, angalia ubavuni namba nne za mwisho baada ya DOT, mbili za kwanza ni wiki, mbili ni mwaka. Ukikuta 2214 ni wiki ya 22 mwaka 2014, hizo hata ziwe na kashata nzuri usiende nazo Moro.

---

dada_kigamboni

Mbele zinasoma 3519, nyuma 0813. Nyuma natoa mwisho wa mwezi mshahara ukiingia, oili kesho. Stika nyingine nitabandika ya kwangu pembeni ya ya Mjapani, niandike kilomita ngapi ijayo?

---

foleni_ya_ubungo (mleta uzi)

Unavuka kwa pantoni au darajani?

---

dada_kigamboni

Pantoni, halafu Kivukoni mpaka kazini ni mwendo wa dakika kumi. Jumapili naenda Mbezi kwa mama.

---

foleni_ya_ubungo (mleta uzi)

Basi safari zako ni fupi na kwenye foleni ya pantoni unakaa injini inawaka, izime ile, watu wanaacha AC nusu saa. Andika 78,200 na tarehe ya miezi sita kuanzia kesho. Kwa matembezi yako tarehe ndo itakayofika kwanza.